Mgeni Alikuja na Jembe, Mkampa Birika

Dada mshauri, salamu kutoka Kisumu.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, fundi wa programu kwa kazi yangu ya mchana. Kwa miaka mitatu sasa nasimamia mradi mdogo wa programu huria ambao kwa ufupi ni daftari la chama: unaweka hesabu za michango, mikopo na faini za vyama vya akina mama na vijana. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bila kulipa. Hatupati senti kwa kazi hii, ila tunaipenda. Tunakutana kila Jumamosi kuanzia saa kumi na moja jioni, ghorofani juu ya duka moja karibu na soko la Kibuye. Tuko tisa wa kudumu, na sote ni wanaume.

Si kwamba wasichana hawaji. Nimepekua daftari la mahudhurio: tangu mwaka jana wamekuja kumi na mmoja, na hakuna aliyefika mwezi wa tatu.

Acha nikueleze habari za mmoja wao. Nitamwita Akinyi, ingawa si jina lake. Ana miaka 23, amemaliza diploma, na anamsaidia mamake kuuza omena huku akitafuta kazi. Chama cha mamake kinatumia programu yetu, na ndicho kilichomleta. Mama alikopa tarehe 31 Januari, akawa analipa kila siku ya mwisho ya mwezi bila kukosa, lakini programu ikamtoza faini ya Februari. Malalamiko kama hayo tulikuwa tumeyasikia kutoka vyama vingine viwili, tukadhani ni wahazini wanaokosea kuandika. Akinyi alikaa nayo wiki mbili akaipata hitilafu. Programu ilikuwa ikiongeza mwezi mmoja juu ya 31 Januari, inapata 31 Februari, na kwa kuwa siku hiyo haipo, inasogea mbele hadi 3 Machi. Basi Machi ikawa na awamu mbili, Februari haina hata moja, na ile sehemu ya faini ikikuta mwezi mtupu inatoza.

Akaandika marekebisho, akaleta ombi la kuunganisha msimbo wake na wetu. Nilimwandikia maoni 19. Mengi yalihusu mpangilio: nafasi, mabano, majina ya vigeu. Nilitaka ajifunze vizuri tangu mwanzo. Usiku wa pili yake, mwenzetu mmoja, kijana hodari sana, akayaandika upya kwa dakika arubaini, yakawa mafupi na safi zaidi. Nikafunga ombi la Akinyi, nikachukua ya kijana. Kwa sababu nilikuwa nimeyapitisha kwenye kipakatalishi changu, yakaingia kwa jina langu. Sikuliona kuwa jambo.

Jumamosi iliyofuata Akinyi alikuja, akaandika kumbukumbu za mkutano kama kawaida yake, akasaidia chai, akaondoka mapema. Jumamosi nyingine akaja tena, kimya. Tangu hapo hajarudi. Kwenye kundi letu la WhatsApp yumo, lakini haandiki neno.

Wenzangu wanasema wasichana hawana subira ya msimbo. Mmoja amependekeza tufungue siku ya wasichana peke yao, wafundishwe mambo mepesi kwanza. Mimi nina binti wa miaka saba anayependa kuketi kando yangu nikifanya kazi, na maneno hayo yananichoma. Nimfuate Akinyi kwao? Nifungue kikundi hicho? Nimekosea wapi?

Msimamizi, Kisumu

JIBU

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na nashukuru kwamba ulipekua daftari ukahesabu. Wasimamizi wengi hawahesabu. Wanaona wasichana wamekuja, wanafurahi, na miezi mitatu baadaye hawajui nani hayupo.

Umeuliza umekosea wapi, na jibu umeliandika mwenyewe kisha ukalipita mbio: "Yakaingia kwa jina langu. Sikuliona kuwa jambo." Naomba turudi hapo tuketi kidogo.

Wewe unaijua Git kuliko wasomaji wangu wengi, kwa hiyo niwaeleze wao. Git ni daftari la mabadiliko ya msimbo. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta aliouanzisha yeye, ambako watu walikuwa wakituma marekebisho kwa barua pepe na msimamizi ndiye anayeyaingiza. Ndiyo maana kila badiliko lina nafasi mbili za majina: ya aliyeandika na ya aliyeingiza. Waliounda chombo hicho walijua tangu mwanzo kwamba mikono hiyo miwili si lazima iwe ya mtu mmoja, na kwamba wa kwanza asipotee ndani ya wa pili. Kwako wewe, mwenye kazi na mshahara, mstari mmoja wa jina ni vumbi tu. Kwa binti mwenye diploma anayezungusha barua za kazi mjini Kisumu, huo ndio ushahidi ambao mwajiri angeufungua auone: huyu hapa, tarehe fulani, alirekebisha hesabu ya fedha katika programu inayotumiwa na watu halisi. Sasa akifungua atakuona wewe.

Tena tuulizane kazi yenyewe ilikuwa ipi. Dakika arubaini za yule kijana ziliwezekana kwa sababu Akinyi alikuwa ameshamwonyesha pa kuchimba. Vyama vitatu vimelalamika, wanaume tisa mmesikia, mkasema ni wahazini. Aliyesikia na kuamini ni binti wa muuza omena, kwa sababu alimjua mlipaji na alijua kwamba mama huyo hachelewi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mradi wako ulikuwa mgonjwa na mgeni akaja na dawa. Mlichofanya ni kuimimina kwenye chupa yenu na kubandika jina lenu.

Sikuandikii haya kwa hasira. Niliwahi kusimamia mradi na nimewahi kumwandikia upya mgeni msimbo wake, usiku, nikidhani ninamsaidia. Ni kosa linalofanywa na watu wema wenye haraka.

Sasa ile chai. Umeandika "kama kawaida yake", kwamba aliandika kumbukumbu kama kawaida yake. Ilikuwa kawaida ya nani? Ninyi ni watu tisa mnaojua kuandika, na mnakunywa chai wote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akinyi alikuja na jembe lake mwenyewe begani, akalima hadi kwenye mzizi, halafu mkampokonya mkampa birika. Angalia tena kwenye daftari lako wale kumi waliomtangulia: ni nani kati yao aliyepewa kazi yenye uzito, na ni nani aliyepewa kalamu ya kumbukumbu na kupiga picha za mkutano? Nadhani utaona kitu. Pangeni zamu za chai na kumbukumbu kwa majina yote, kuanzia na lako.

Kuhusu wenzako wanaosema wasichana hawana subira, waeleze kisa cha GNOME, mradi mkubwa wa programu huria unaotengeneza mazingira ya kutumia kompyuta za Linux. Mwaka 2006 walishiriki mpango wa Google wa kuwalipa wanafunzi waandike msimbo likizoni. Wanafunzi 181 waliomba kufanya kazi na GNOME, na hakuna mwanamke hata mmoja. Wangeweza kusema wanawake hawapendi. Badala yake walifungua nafasi za kiangazi zilizoandikwa wazi kwamba ni za wanawake, na maombi 100 yakaja. Wanawake walikuwapo wakati wote. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mlango ule ni wao pia. Kutokana na mbegu hiyo umekua mpango unaoitwa leo Outreachy, ambao tangu 2015 uko chini ya shirika la Software Freedom Conservancy. Unampa mtu kazi ya miezi mitatu kwenye mradi wa programu huria akiwa nyumbani kwake, pamoja na mlezi wa kumwongoza, na posho yake imekuwa dola 7,000. Mwombaji hutakiwa aonyeshe mchango halisi kwenye mradi anaoomba. Unaona jina kwenye rekodi lilivyo na thamani? Aliyezoea kuchangia kwenu na kuona kazi yake ikipokelewa anaingia kule bila woga.

Na kama bado wanabisha, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliochunguza maombi ya kuunganisha msimbo kwenye GitHub, tovuti ambako watu huhifadhi msimbo na kuufanyia kazi pamoja. Kwa jumla, maombi ya wanawake yalikubaliwa mara nyingi zaidi kuliko ya wanaume. Lakini kwa wageni wa mradi, pale ambapo wasifu ulionyesha wazi kwamba mwombaji ni mwanamke, kukubaliwa kulishuka. Mikono ni ileile na msimbo ni uleule. Kilichobadilika ni macho ya msomaji. Mwaka huohuo GitHub yenyewe iliwahoji watu wa programu huria: asilimia 95 walikuwa wanaume, asilimia 3 wanawake. Chumba chenu cha Kibuye hakiko peke yake, lakini hilo lisikufariji.

Sipingi siku ya wasichana. Ninachokataa ni hayo "mambo mepesi". Django Girls ilianza Berlin mwaka 2014, na katika warsha zake mwanamke ambaye hajawahi kuandika msimbo anajenga tovuti yake mwenyewe kwa siku moja na kuiweka hewani. Hakuna wepesi hapo. Jijini Nairobi AkiraChix wamekuwa wakiwafundisha wasichana teknolojia tangu 2010, na hawawafundishi kuchora maua. Ukifungua siku yao, ifungue kwa sababu wasichana wenyewe wameitaka, iwe na kazi zilezile za mradi mkuu, na iwe na njia iliyo wazi ya kuingia chumba cha Jumamosi. Vinginevyo utakuwa umejenga banda la uani na kusema wageni wamekaribishwa nyumbani. Kitu kimoja rahisi zaidi ni kuwaalika wawili wawili. Kuwa mwanamke wa pekee kati ya wanaume tisa ni kazi nyingine juu ya kazi, hata kama wote tisa ni waungwana.

Halafu saa zenu. Kisumu iko karibu na ikweta, jua linazama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima. Mkianza saa kumi na moja, mazungumzo yanapokolea giza limeingia. Wewe unapanda boda bila kufikiri. Binti anapiga hesabu ya nauli, ya njia, na ya maswali yatakayomngoja mlangoni. Umesema Akinyi "aliondoka mapema". Je, aliwahi kuondoka kwa wakati? Waulizeni wanaotaka kuja ni saa ngapi inawafaa, na msishangae mkijibiwa saa nane mchana. Mkiweza kutoa bando kutoka mfuko uleule wa chai, toeni. Kujitolea bila malipo kunamgharimu zaidi asiye na mshahara.

Nirudi kwa maoni 19, kwa sababu hapa ndipo ulezi unapofanyika au kuharibika. Mimi mchango wangu wa kwanza kwenye mradi wa ng'ambo ulikaa miezi minne bila jibu. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba si wangu ulimwengu ule. Siku moja akajibu mama mmoja ambaye hadi leo sijaonana naye. Aliandika mistari mitatu tu: kwamba ameuendesha msimbo wangu kwenye mashine yake na umefanya kazi, kwamba kuna mahali pamoja patakapovunjika jina likiwa na herufi zenye alama, na je, ningependa kujaribu mwenyewe au tupaangalie pamoja? Nililia. Nilikuwa mtu mzima na nililia juu ya kibodi.

Angalia alivyofanya. Kwanza aliuendesha. Wewe, katika maoni yako 19, kuna hata moja lililosema "nimejaribu kwa 31 Januari na faini imeondoka"? Hukulitaja, nami naogopa halikuwapo. Pili, alitaja kinachovunjika, akaacha kinachokwaza macho. Mambo ya nafasi na mabano siku hizi hupangwa na programu yenyewe. Iwekeni kwenye mradi ipange msimbo wa kila mtu, wako pia, na usimwandikie mgeni tena hata neno moja juu ya mabano. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, aliacha kazi mikononi mwangu. Ukiketi na mgeni, kibodi iwe yake. Atachapa polepole, atakosea, na vidole vyako vitawasha. Viweke mfukoni. Ukimnyang'anya kibodi kwa dakika moja umeokoa dakika kumi, na umempoteza mtu ambaye angekaa nanyi miaka kumi.

Na yule kijana hodari usimfukuze, mpe mpaka. Kazi ambazo ni za mgeni ziwekeeni alama, na ikishachukuliwa asiiguse mtu mwingine kwa wiki mbili isipokuwa ameombwa. Hodari wa kweli ataielewa. Mpe pia mgeni mmoja wa kumlea kwa jina, yeye na si kundi zima, kwa sababu mtoto wa wote hulala njaa.

Nikukumbushe pia tulikotoka sisi wa magharibi mwa Kenya. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa uliosambaa nchi nyingi, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na kabla yake kulikuwa na mfumo mdogo uliosimikwa mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi. Uliota mizizi pale ambapo karani na daktari walijua mgonjwa anapita dirisha gani. Na Ushahidi, programu huria ya Kenya ya 2008 inayokusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, ilikuwa na Ory Okolloh na Juliana Rotich miongoni mwa waanzilishi wake. Mwambie binti yako majina hayo akiketi kando yako.

Sasa Akinyi. Usimfuate kwao, wala usipite kwenye meza ya omena. Mama ni mtumiaji wa programu yako, na ukisimama pale binti atashindwa kukukatalia. Mwandikie ujumbe yeye peke yake, mfupi, bila maelezo ya kwa nini. Mimi ningeandika hivi: "Akinyi, hitilafu ya tarehe 31 uliipata na kuitatua wewe, nami niliingiza marekebisho kwa jina langu. Nilikosea. Naomba kurekebisha rekodi. Niambie ungependa jina gani na barua pepe gani viandikwe. Hulazimiki kurudi." Basi. Usiongeze "sikukusudia". Na usiulize "mbona umenyamaza".

Akikubali, usifute historia kimyakimya, maana kila mwenye nakala ya msimbo atavurugikiwa. Tengua badiliko lile waziwazi, uliingize upya Akinyi akiwa mwandishi na kijana akiwa mwandishi mwenza, na ueleze sababu kwenye maelezo ya badiliko. Hakikisha barua pepe ndiyo aliyojiandikisha nayo kwenye tovuti mnakohifadhi msimbo, la sivyo halitaonekana kwenye wasifu wake. Halafu Jumamosi, mbele ya wenzako wote, sema ulichofanya na ulichorekebisha. Dakika moja inatosha. Akiwa hayupo, sema vilevile.

Anaweza asijibu. Itabidi uvumilie hilo, na urekebishe saa, zamu na alama za kazi hata kama yeye hatazifaidi.

Akijibu, kuna jambo moja ambalo nadhani bado mmeliacha wazi. Mwaka 2028 Februari itakuwa na siku 29. Mwanachama akichukua mkopo wa mwaka mzima tarehe 29 Februari 2028, siku yake ya mwisho kulipa ni ipi, 28 Februari 2029 au 1 Machi? Hilo kompyuta haiwezi kuliamua. Inabidi mtu akaketi na akina mama wa chama, awaulize wao huhesabuje, kisha arudi aandike. Muulize Akinyi kama angependa kulichukua. Akikataa, liandikeni kama kazi iliyo wazi, lingoje mgeni atakayefuata, na yule kijana asiliguse.